Natunga majina ya khanga yenye wema, muuzaji anataka vijembe. Nishaurini

MshonoTanga:

Habari zenu wanajamvi, na asalaam aleykum.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga mjini, Ngamiani. Nashona sare za shule na madera, ila kazi inayonilisha hata shule zikifungwa ni kukata na kupinda khanga. Mtu ananunua doti yake, vipande viwili vimeshikana, ananiletea, nakata katikati, napinda kingo, anachukua. Pesa yake ndogo. Lakini kila doti inayopita kwenye cherehani yangu nimelisoma jina lake, na mara nyingi namjua aliyeinunua na sababu ya kuinunua. Mwenye "Hasidi hana sababu" huwa na haraka, anaitaka leo hii kabla ya magharibi, na mtaa mzima tunajua atapita nayo mbele ya mlango wa nani. Mwenye "Nani kama mama" hana haraka. Huyo atanisimamia kichwani ahakikishe uzi ni wa rangi ileile ya pindo, kwa sababu anasafiri nayo kwenda Handeni.

Basi kwa kusoma huko nikaanza kutunga ya kwangu. Nina kaunta buku imejaa.

Nia yangu ni hii. Ukitaka kumsema jirani yako, khanga zipo, utachagua hadi uchoke. Ukitaka kumwambia mwanamke aliyeharibikiwa mimba kwamba hayuko peke yake, au kumtia moyo binti aliyefeli kidato cha nne arudie mtihani, au kumshukuru mtu aliyekukopesha unga bila kukutangaza, utazunguka maduka yote urudi na khanga ya maua mazuri ambayo jina lake halihusiki kabisa. Sisi watu wa pwani tumejaaliwa kuisemesha nguo yale ambayo mdomo unaona haya. Mbona tunaituma zaidi ikachome watu?

Nilijikaza nikampelekea muuzaji mmoja wa jumla (simtaji). Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akacheka, si kwa ubaya, akasema: "Dada, haya mahubiri. Niletee mapenzi na vijembe, ndivyo vinavyotembea." Nyumbani nako wifi yangu akaongezea: "Wewe wa darasa la saba, nani kakwambia majina ya khanga yanatungiwa Ngamiani?" Sijui yeye anadhani yanatungiwa wapi.

Sijakata tamaa, nasema kweli. Sikio langu naliamini. Nikisoma jina la khanga najua kama litashika midomoni mwa watu au litasahaulika kabla nguo haijapauka. Ila sikio peke yake halinifikishi kiwandani. Nawawekea machache:

WEMA NI AKIBA YA MOYO
TUPENDANE TUNGALI HAI
KILA MTU ANA THAMANI YAKE
JIRANI LETA CHUNGU MOTO UPO KWANGU
NGUO YANGU NI FUPI NDOTO YANGU NI NDEFU

Hilo la mwisho nimeliandika kwa chaki ukutani juu ya cherehani, la kujisemea mwenyewe. Nawaomba mnaojua biashara hii mniambie: khanga yenye neno jema inauzika au najidanganya tu? Na mtu kama mimi anaanzia wapi ili jina lake lifike kwenye nguo? Na je, nikiyatoa wakayachukua bila kunilipa?

——

KibokoYao:

Dada, sikuvunji moyo, lakini tuseme ukweli. Khanga siku hizi nani anasoma? Wanawake wamehamia madera na vijora. Mke wangu ana kabati zima la khanga, ukimuuliza zimeandikwaje hajui hata moja. Na wema haufundishwi na nguo, unafundishwa nyumbani. Kamata sare za shule, huko ndiko kwenye hela ya uhakika.

——

BintiSahare:

@KibokoYao kaka, kamuulize mkeo leo usiku ile khanga aliyovaa siku mliponuniana imeandikwaje. Halafu rudi hapa utuambie kama hazisomwi.

——

KibokoYao:

Nimeuliza. Imeandikwa "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake". Naomba mada iendelee.

——

DukaLaLeso_Msa:

Nimecheka mpaka chai imenimwagikia.

Mwanangu wa Tanga, mimi nimeuza leso hapa Mombasa, mtaa wa Biashara, tangu nywele nyeusi mpaka hizi nyeupe. Mji huu huu ndimo Kaderdina Hajee Essak alimoanzia biashara mwaka 1887, zile leso za "Mali ya Abdulla" ambazo bibi zetu walikuwa wakiitafuta alama yake kabla ya kuuliza bei. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja hizi za Kirumi. Rangi zimebadilika, viwanda vimehama, lakini jambo moja halijabadilika: mteja akiingia dukani huinua pembe ya leso akauliza, "Hino yasemaje?" Hata asiyejua kusoma auliza. Nami nikishamsomea namtazama uso. Yako majina ukiyasoma, mteja asema "kweli kabisa", kisha macho yahamia rafu ya pili. Na yako majina ukiyasoma anyamaza kidogo, halafu asema "nifungie". Miaka yangu yote nimelipwa kwa huo unyamavu.

Sasa tuje kwako. "Wema ni akiba ya moyo" ni kweli. "Kila mtu ana thamani yake" ni kweli pia. Lakini ni kweli ya watu wote, haina mwenyewe. Muuzaji wako alipokwambia ni mahubiri hakukosea hapo, alikosea pale aliposema dawa yake ni kijembe. Kijembe hakiuziki kwa sababu watu wana roho mbaya. Chauzika kwa sababu kina mtu ndani. Anayekinunua ashamjua atakayemvalia. Jina la wema lisilo na mtu ndani latundikwa tu, kama kalenda ya benki.

Chukua "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi". Hilo nimeliuza mpaka mkono umechoka. Halina tusi. Lina mama ndani, lina mtoto wake aliyechoka, na lina watu waliomchosha ambao hawatajwi. Mwaka 2008 Obama alipochaguliwa ilitoka leso yenye sura yake, imeandikwa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Tusi li wapi hapo? Na watu waliitafuta. Kampe salamu huyo muuzaji.

Tena kuna hesabu ambayo wauzaji wenyewe hawaipigi. Mwenye kununua kijembe hununua doti moja, ya kuvaa yeye. Mwenye kununua jina la shukrani hununua ya kupeleka: kwa mama, kwa mama mkwe, kwa somo wake, kwa aliyejifungua. Mwezi wa harusi wamjia watoto wanne wa mama mmoja, kila mtu na doti yake, na hawataki zifanane. Leso ya kuvaa huchaguliwa kwa rangi na kwa hasira. Leso ya kupewa mtu huchaguliwa kwa neno, na mnunuzi haombi kupunguziwa sana, maana zawadi yaonewa haya kubembelezwa bei.

"Jirani leta chungu moto upo kwangu" nimelipenda, na nitakwambia siri yake. Mwema atalisoma kuwa ni ukarimu: njoo upike, mkaa wangu waka. Mwenye ugomvi atalisoma vingine kabisa: kama wewe wajiona, njoo uone moto. Neno moja, nyuso mbili, na aliyevaa aweza kuapa kwamba hakumaanisha lolote. Hilo ndilo leso. Usiyasafishe majina yako mpaka yakakosa chumvi.

La nguo fupi nalo litauzika. Wasichana watalinunua kwa sababu zao nyingine, wewe usiulize.

——

MshonoTanga:

Baba, shikamoo. Hayo ya "mtu ndani" nimeyasoma kwa sauti hapa fremuni, wenzangu wawili wameacha kushona. Nimeifungua kaunta buku na kalamu nyekundu. Mengi yanapigwa mstari, na siyaonei huruma. Yaliyobaki yote nilipoyatunga nilikuwa namfikiria mtu fulani, hata kama sikumwandika.

——

MwalimuUnguja:

Bibie fundi, DukaLaLeso ameyasema ya biashara, mimi nijibu upande wa wifi.

Hapa Unguja alizaliwa mtoto kijiji cha Fumba, nyumba ya watu wa hali ya chini, wazazi wanafinyanga vyungu. Alikuwa akija mjini kwa miguu kuviuza, akivinadi barabarani, na watu wakaanza kuisikiliza ile sauti ya kunadi kuliko kuvitazama vyungu. Huyo ndiye Siti binti Saad. Darasani hakupita. Alipoanza kupata jina kwa taarabu, waliokuwa wakijiona bora walimtungia wimbo wa kumcheka: kwamba kaingia mjini na kaniki, na isingekuwa sauti angekula nini. Kaniki ile nguo nyeusi ya watu wa chini, mnaijua. Yeye hakuwatukana. Alijibu kwa wimbo pia, akasema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu lake ndilo tunalolisimulia mpaka leo. Waliomtungia ule wa kejeli hata majina yao hatuyataji. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili.

Nimeitaja kaniki kwa makusudi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki na merikani waliziacha wakajivika khanga za rangi. Hakuna aliyewapa ruhusa. Walisema kwa nguo kwamba na sisi ni watu, kabla ya mtu mwingine yeyote kukubali kulisema. Kwa hiyo wifi yako akikuuliza nani kakwambia khanga zinatungiwa Ngamiani, hana habari kwamba nguo hii tangu mwanzo ilichukuliwa na watu walioambiwa si saizi yao.

La ufundi ni dogo. Soma majina yako ukipiga makofi kwa kila silabi. "Nguo yangu ni fupi" saba, "ndoto yangu ni ndefu" saba. Ndiyo maana limekaa ukutani kwako bila kukuchosha. "Kila mtu ana thamani yake" haligawiki popote, mtu akifika katikati hajui apumzike wapi. Si sheria, yapo majina maarufu yasiyo na mizani. Lakini yenye mizani watoto huyashika wakiwa bado mgongoni.

——

MamaMapacha:

Nilikuwa napita tu, sijawahi kuandika humu. Dada fundi, naomba nikupe mtu wa kumweka ndani ya jina.

Nilipofiwa na mume wangu nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, na watu walikuja wengi, Mungu awalipe. Lakini karibu kila aliyekuja aliuliza. Alianza kuumwa lini? Mlimpeleka wapi? Kwa nini hamkumpeleka mapema? Dawa gani walimpa? Unasimulia asubuhi, unasimulia adhuhuri, jioni anakuja mwingine unaanza upya. Hawakuwa na nia mbaya. Mtu akikosa la kusema huuliza.

Kuna mama mmoja wa nyumba ya tatu, anauza mihogo ya kukaanga, hatukuwa hata tunazoeana. Huyo alikuwa anakuja baada ya kumaliza biashara, anashika kona ya mkeka, anavuta ungo wa mchele wangu anauchambua. Akiona wanangu wana njaa anainuka. Akiona wamelala anakaa. Hakuniuliza alikufaje, mpaka leo hajaniuliza. Eda ilipoisha alinipa doti. Jina lake lilikuwa la kawaida tu, la mapenzi ya mke na mume, nadhani alichukua aliyoimudu bei na wala hakuisoma. Nimeitunza, lakini kila nikiitazama natamani ingekuwa imeandikwa kile alichonifanyia.

Unaweza kulitunga?

——

BintiSahare:

Jamani.

——

MshonoTanga:

Mama Mapacha, pole sana dada yangu. Nimeondoka kwenye cherehani nikakaa nje kidogo. Nimeandika mengi nikayafuta, nimebaki na hili:

NIMEKUJA KUKAA SIKUJA KUKUHOJI

——

MwalimuUnguja:

Saba kwa saba. Sina la kuongeza.

——

DukaLaLeso_Msa:

Mwanangu, hilo ningelisoma dukani mteja angeshika kaunta. Tena tazama: hata hilo lina chumvi. Wale wahoji watajisoma humo humo, na hakuna aliyetukanwa.

Endelea. Nipe la mtoto mkubwa kwa mama mzee. Hilo ndilo halikosi mnunuzi mwaka mzima.

——

MshonoTanga:

La mama ninalo tangu zamani, ila naliogopa: ULINISITIRI UCHI NAKUSITIRI UZEE. Nane kwa nane, nimepiga makofi. Maana yake, nilizaliwa sina nguo ukanifunika, sasa ni zamu yangu. Wasiwasi wangu ni hilo neno "uchi" kupita mbele za watu.

——

Ummu_Nasra_Muscat:

Neno hilo hapana, mwanangu. Mimi nimezaliwa Malindi ya Unguja, niko Muscat miaka mingi, na huku khanga tunavaa nyumbani na tunapelekeana zikitoka nyumbani na mgeni. Doti ya mama inatandazwa mbele ya wakwe na wajukuu inasomwa kwa sauti. Siwezi kumsomea mkwe wangu "uchi". Lakini maana yake imenitoa machozi. Ligeuze: UTOTO ULINISITIRI UZEE NAKUSITIRI.

——

MwalimuUnguja:

Tisa kwa nane, lakini "utoto ulinisitiri" mdomoni irabu mbili zinashikana, linasikika nane. Na limepata kina mwishoni. Bi Ummu Nasra, wewe ni mtunzi uliyejificha.

——

MshonoTanga:

Bi Ummu Nasra shikamoo, na ahsante. Nalipokea kina, lakini naomba "ulinisitiri" yangu ibaki mbele, kwa sababu mama anatajwa kabla ya mtoto. Ukianza na "utoto" nimejitaja mimi kwanza. Nitalala nalo.

——

WinoNaFremu:

Wakuu habari. Mimi nachapa kwa mkono, fulana, vitambaa vya vikundi na sare za misiba, niko Dar. Nimeona wengi wamejibu utunzi, sijaona aliyejibu swali la dada kwamba anaanzia wapi.

Kiwanda usikikimbilie sasa. Khanga ya kiwandani inachapwa kwa skrini za mzunguko, yaani nyavu za kupitishia wino, kila rangi na skrini yake, kwa hiyo khanga ya rangi nne ni skrini nne kabla hata mita moja haijatoka. Ndiyo maana hawachapi doti ishirini za mtu. Wanataka mzigo wa maelfu ya mita, na mwenye kutoa oda hiyo ni yule muuzaji wa jumla anayekucheka. Hana kosa sana, ni pesa yake inayolala stoo jina likidoda.

Anza na vikundi. Vikoba, familia zenye harusi, akina mama wa maulidi. Hao hununua kwa pamoja, wanataka wafanane, na wanataka neno linalowahusu wao. Hapo jina lako halishindani na rafu nzima ya duka, limeshaagizwa kabla ya kuchapwa. Chukua pamba nyeupe au ya rangi moja, kipimo cha khanga kile kile, kama sentimita 150 kwa 110, pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji juu ya pindo. Chapa rangi moja tu mwanzoni. Fremu moja, wino mmoja. Khanga ya rangi moja iliyopangwa vizuri ina heshima yake, na ikipendwa ndipo unaongeza.

Mambo mawili yatakayokuaibisha usipoyaangalia. Herufi: andika kubwa, nene, zisizo na mikia. Herufi nyembamba wino hujaa kwenye matundu ya skrini na "kukaa" inasomeka "kuk a". Na rangi: wino wa pigmenti usipopigwa moto wa kutosha hutoka fua ya pili, mteja anakuja na khanga ya kijivu na jirani zake watatu. Wewe pasi unayo, ni kuisimamia tu bila haraka, nyuma na mbele, mpaka uwe na hakika.

Kuhusu kuibiwa: Tanzania hakimiliki iko chini ya COSOTA, unaweza kwenda kuuliza na kusajili kazi, lakini nakwambia mapema sentensi fupi ya maneno sita ni ngumu kuilinda popote duniani. Kinacholindika vizuri zaidi ni mchoro mzima, pindo lako na mji wako pamoja na hilo jina. Kwa hiyo usitoe jina tupu, toa khanga nzima iliyochorwa. Na kaunta buku yako iandike tarehe kila ukurasa.

Pindo unachora mwenyewe?

——

KibokoYao:

Nimerudi. Mke wangu amesoma uzi wote kwenye simu yangu na ameniambia nikuulize hiyo ya kukaa na kuhoji itakuwa bei gani. Kikundi chao wako kumi na nane. Nimekatazwa kuchangia maoni mengine.

——

MshonoTanga:

Kaka KibokoYao, mwambie shemeji aniandikie faragha, na wewe usinuniwe tena kwa sababu yangu.

@WinoNaFremu ahsante sana kaka, hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Pindo nachora mwenyewe kwa chaki ya fundi. Nimeshachora la mihogo, yaani majani ya muhogo yamefuatana pande zote nne, kwa ajili ya yule mama wa nyumba ya tatu. Mama Mapacha ukikubali, doti ya kwanza ni yako umpelekee, hiyo silipishi.

Wifi yangu nimemsomea la mama, la "ulinisitiri". Akakaa kimya muda, akaniuliza kama naweza kumchapia mbili, moja ya mama yake na moja aiweke. Nimemwambia bei ni ileile kwa wote.

Leo jioni nimekutana na mwenyekiti wa kikoba cha akina mama wa hapa mtaani. Wametaka doti kumi na tano za "Jirani leta chungu", rangi ya zambarau. Tumekubaliana kila kitu isipokuwa jambo moja: anataka jina la kikundi na namba yake ya simu viandikwe kwa herufi kubwa katikati ya mji, na jina langu la khanga lisogezwe pembeni. Nimemkatalia. Jina la kikundi litakaa kwenye kona ya pindo, dogo, na namba ya simu haikai popote. Amesema ataenda kuwauliza wenzake. Kaka WinoNaFremu, wakikubali, fremu ya ukubwa gani ninunue kwa pindo la upana wa kiganja?